Juu ya Makaa

Chanthou alikuwa amelazwa juu ya kitanda cha mianzi, makaa yakiwaka chini yake, kama walazwavyo wanawake wote kijijini wakishajifungua. Jirani alichungulia, akacheka.

"Jikaze, mwali! Sie tulichomwa wala hatukuguna."

Mama mkwe alipomletea mtoto anyonye, Chanthou alificha mikono.

"Mama, usiniachie. Kuna kitu kichwani kinaniambia nimtupe kwenye moto. Naogopa nitakitii."

Jirani aliziba mdomo, akatoka mbio kwenda kutangaza. Mama mkwe alirudi nyuma, amemkumbatia mjukuu kwa nguvu. Kisha akachukua ndoo, akayamwagia makaa maji kabla siku za kulalia moto hazijatimia, mwiko ambao hakuna aliyewahi kuuvunja.

"Twende zahanati, mwanangu. Huko nako uwaambie hivyo hivyo."

Chanthou akalia kwa sauti, wala hakunyamazishwa.