Miguu ya Mdhamini

Jumatatu asubuhi, kwenye kituo cha kununua majani chai huko Manga, karani Mogire alitundika kikapu cha Nyanchoka kwenye mizani, akasoma kilo, akaandika, kisha akamwomba ashuke kidogo atie sahihi. Mama yake Nyanchoka, Persis, aliivuta ile kamba ya ng'ombe aliyomfunga bintiye kiunoni, na visigino vikakaribia matope. Nyanchoka alitia sahihi. Foleni ikasonga.

Alianza kuelea mwezi ule mkopo wa chuo ulipotakiwa kulipwa naye hana kazi. Alikuwa na shahada ya sosholojia na alikuwa na deni, na kadiri deni lilivyokua ndivyo alivyopanda. Watu wa Manga hawakuona jambo la kuitishia mkutano. Walichonung'unikia ni kwamba viatu vyake havikuwa na tope hata msimu wa mvua. Hayo waliyaita maringo.

Kilichomnyima Nyanchoka usingizi ni kwamba Persis ndiye aliyekuwa mdhamini wake. Asipolipa, deni lingehamia kwa mama, na mama angeanza kuinuka.

"Dawa ya deni ni kulipa," alisema mjomba Onsongo, aliyepita kunywa chai. "Ungesomea uuguzi, saa hii ungekuwa hapa chini na sisi."

"Na dawa ya kulipa ni gani, Mjomba?"

Onsongo aliomba aongezewe sukari. Huyo ni mtu mwenye majibu ya kila kitu mpaka aulizwe. Mwanawe mwenyewe alisomea uuguzi, hajaajiriwa, na alikuwa amefungwa kwenye mparachichi nyuma ya nyumba, ila adabu haikumruhusu mtu kulitaja.

Mjini Kisii, Kaltuma mwenye duka la vitambaa alimwajiri Nyanchoka kwa sababu moja isiyo na unafiki: angeyafikia majora ya juu bila ngazi. Siku ya mshahara wa kwanza alilipa kiasi alichoweza, na kidole gumba cha mguu kikagusa sakafu. Alisimama hivyo kutwa nzima akiuza, akijisikia mtu. Kesho yake faini ya kuchelewa iliingia, kidole kikaachana na sakafu.

Kaltuma hakupenda hesabu za kubahatisha. Kila mwisho wa mwezi alichukua futikamba ya duka na kupima kutoka sakafuni hadi kwenye nyayo. Mshahara ulimshusha Nyanchoka nusu shubiri. Riba na faini zilimpandisha shubiri nzima.

"Wallahi, mimi nikifanya biashara namna hii nimefunga duka," alisema Kaltuma. "Na siwezi kukuongeza. Duka lenyewe unaliona."

"Naliona, Mama. Nakushukuru."

Basi Nyanchoka alikwenda kwenye ofisi ya mikopo. Afisa alimwonyesha kiti. Alipoona hakikaliki, aliendelea na kazi.

"Malipo yako ni madogo, madam. Itabidi uyaongeze maradufu."

"Niongeze kutoka wapi?"

"Kozi yako haina soko. Hiyo ulijua."

"Hata nyinyi mlijua," alisema Nyanchoka. "Mkanikopesha. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, nyinyi mlikuwa ofisi nzima."

Afisa aliandika kitu. "Basi tutaanza na mdhamini. Ni utaratibu tu."

Nyanchoka alirudi nyumbani akiwa ameamua kwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, ili miguu ya mama yake ibaki chini. Persis alimsikiliza hadi mwisho huku akimenya ndizi.

"Mimi nimekanyaga hii matope tangu nizaliwe," alisema. "Sijaona ikinilipa. Usilipe hata shilingi moja kwa sababu ya miguu yangu."

Nyanchoka alilia. Alilia kwa hasira, kwa kuwa alimpenda mama yake na hakuwa na la kumfanyia. Hakwenda Uarabuni, na hakulipa. Mwezi ulipoisha, visigino vya Persis viliachana na ardhi akiwa anakoroga uji wa wimbi. Aliendelea kukoroga mpaka ukaiva.

Siku ya Sabato walikwenda kanisani, wakajifunga kwenye benchi la mbele, wakakaa hewani juu yake. Mzee wa kanisa, Jethro, aliwaletea mawe ya kushika.

"Mama Nyanchoka, shikeni haya, watu wa nyuma wapate kumwona mhubiri."

"Mawe ni ya kujengea, Mzee," alisema Persis. "Hao wa nyuma wacha watuone sisi kwanza."

Jethro aliyarudisha mawe nje. Sabato iliyofuata Onsongo aliingia na mwanawe kwenye kamba, bila kumtazama mtu usoni. Nyuma yake walikuja wazazi wengine na watoto wao kwenye kamba: walimu, wahasibu, mhandisi mmoja. Hakuna aliyejua kama walikuwa wengi hivyo, kwa maana kila nyumba ilikuwa imemficha wake.

Ofisi ya mikopo haikubadilisha kitu. Mwisho wa mwezi riba iliongezwa kama kawaida, na watu wa mabenchi yote ya mbele wakapanda pamoja. Jethro alimsogelea Persis, akamnong'oneza kwamba sasa vichwa vitagonga taa ya katikati.

"Basi taa ndiyo ihamishwe," alisema Persis, akafungua kitabu cha nyimbo.