Kamba ya Shami

Mimi ni mwongo, kijiji chetu kizima cha Kabeza kinajua. Hata nimesimulia kwamba msimu mmoja wa vita, tukiwa jeshini, nilipiga mpira wetu wa majani ya mgomba ukaangusha kunguru wawili. Lakini juzi dukani, Afande Gatera, kapteni wa timu yetu ya kikosi, aliposema goli la fainali ya msimu ule alifunga yeye, nilimkatiza kwa hasira.

"Goli lile ni la Shami, kipa wetu! Alipiga kutoka langoni kwake!"

"Mzee wa kunguru ameanza," Gatera akasema, na duka zima likacheka.

Kaliza, binti wa Shami, alikuwa pale akinunua sukari. Hakucheka. Baba yake aliuawa wiki moja baada ya fainali, yeye akiwa bado tumboni.

"Gatera, aliyefunga alipewa nini?" nikamuuliza.

"Kamba iliyofungia majani ya mpira ule. Aliivaa mkononi."

"Yako iko wapi?"

"Ilipotea."

Kaliza akafungua pochi, akatoa kamba kavu ya mgomba. "Mama aliletewa hii pamoja na vitu vya baba."

Gatera akaanza kusema eti uzee, amesahau.

"Mimi nawasingizia kunguru," nikamfokea. "Wewe umemwibia marehemu!"