Mfereji Uliovunjika Kirua

Njia ya baiskeli kutoka Moshi hadi baharini Pangani ilikuwa ya siku tisa, na walioitafuta walikuwa wawili, Zaidi na Jovin. Zaidi alikuwa fundi baiskeli wa Kiusa, Moshi mjini. Jovin alikuwa mpagazi aliyechoka kubeba mizigo ya watalii mlimani. Siku mbili za kwanza, kupitia Old Moshi hadi Kirua Vunjo kwa vinjia vya miguu katikati ya migomba, zilikuwa kazi ya Jovin, kwa sababu Kirua ndiko alikozaliwa na kila mwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo, alimjua. Siku za mwisho, kushuka Muheza na kuufuata ufuko, zilikuwa kazi ya Zaidi, ambaye mama yake ni mtu wa Pangani. Kipande cha katikati, chini ya milima ya Upare na Usambara, walikijua kwa kupotea pamoja.

Miaka miwili waliongoza wageni pamoja bila ugomvi. Usiku wa pili wa kila safari walilala Kirua kwa Mama Justina, mama yake Jovin. Mama huyo alimnunulia Zaidi sufuria yake mwenyewe ya kupikiwa mtori wa ndizi, asije akala kwenye chombo kilichopikiwa nguruwe.

Kisha Jovin akajitenga, na hakuaga. Zaidi aligundua alipoona tangazo limebandikwa ukutani kwenye hoteli moja ya mjini: Moshi hadi Bahari, Siku Tisa, na chini yake jina la Jovin peke yake. Akamfuata kituo cha mabasi.

"Ile njia ni ya wawili," alimwambia.

"Uliichonga wewe?" Jovin akajibu. "Kule juu ni kwetu. Tafuta pengine pa kupita."

"Basi na wewe tafuta bahari ya kwenu."

Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Zaidi aliendelea kupita Kirua, akakuta miba ya mgunga imetandazwa njiani, akaziba pancha saba asubuhi moja huku wageni wakimwangalia. Naye hakukaa kimya. Alimpigia simu mwenye gesti ya Pangani akamwambia Jovin ni mwizi, na Jovin alipofika na wageni wake sita akaambiwa vyumba vimejaa. Kilichomuuma Zaidi kuliko miba ni Mama Justina. Alimpita barabarani akamwamkia, "Shikamoo, mama," na yule mama akatema mate pembeni, akaendelea na mzigo wake wa majani ya ng'ombe.

Mwezi wa tisa mwaka tisini na tisa, Zaidi alikuwa na wageni watano kutoka Denmark. Siku ya pili, kama saa nne asubuhi, walifika kwenye korongo lililo kabla ya kijiji. Hapo mfereji wa maji ya kunyweshea mashamba unavuka korongo juu ya magogo, ndani ya mapipa yaliyopasuliwa nusu na kuunganishwa. Kando ya mapipa kuna mbao mbili za kupitia, upana wa mtu mmoja. Zaidi alitangulia, baiskeli begani. Alipofika katikati akainua macho. Jovin alikuwa anakuja upande wa pili, baiskeli begani, wageni wake wanne wamejipanga nyuma, wakirudi Moshi.

"Rudi," alisema Jovin.

"Nimeingia kwanza. Rudi wewe."

"Hapa ni kwetu, Zaidi."

"Mbao hizi ulizizaa?"

Mgeni mzee katika kundi la Zaidi aliita kwa Kiingereza kwamba wao watasubiri, hakuna haraka. Zaidi alimsikia. Angeweza kurudi hatua kumi tu, na baadaye alikiri hivyo mwenyewe. Lakini Jovin alicheka, akamwambia kwa Kichagga neno ambalo Zaidi hakulijua, na wanawake waliokuwa wanakata majani ng'ambo wakacheka pia. Zaidi akamsukuma kwa gurudumu la mbele.

Jovin aliyumba. Baiskeli ilimtoka begani ikaangukia mapipa, naye akaangukia juu yake, akining'inia kwa mikono miwili kwenye gogo. Maungio yakaachia. Pipa moja likabingirika pamoja na baiskeli hadi chini kabisa, na maji yote ya mfereji yakamwagika korongoni kwa kishindo. Wageni wakapiga kelele. Mmoja wa wageni wa Jovin alimvuta kwa ukanda wa suruali hadi akapata pa kukanyaga. Paja lake lilikuwa limechanika.

Hazikupita dakika ishirini, akatokea mwanamke mnene aliyebeba jembe, akipanda kwa kuufuata mfereji mkavu. Alikuwa Mektrida, mkulima wa kabichi. Maji ya mfereji yaligawanywa kwa zamu, na zamu yake ilikuwa asubuhi hiyo, baada ya kungoja siku kumi na mbili. Alilitazama pengo, akawatazama wanaume wawili waliolowa, akaiona baiskeli chini korongoni.

"Nani?" aliuliza.

"Huyu," walisema wote wawili kwa pamoja.

Mektrida hakuuliza tena. Alipiga yowe, lile la kuita watu penye moto au mwizi, na watu wakaja kutoka kila kihamba, wengine na mapanga mkononi. Walizichukua baiskeli zote za wageni, tisa jumla, wakazilaza chini na kuketi juu yake. Mgeni mmoja wa kike alianza kulia. Zaidi alijaribu kueleza kwamba wageni hawana kosa, akaambiwa anyamaze, mtu wa mjini.

Rogath, mwenyekiti wa mfereji, alifika akiwa na hasira ya mtu aliyekatishwa kifungua kinywa. Alisikiliza dakika mbili tu.

"Mtarudisha pipa mahali pake leo hii," alisema. "Na kila mmoja ataleta mbuzi na debe la mbege kwa kamati."

"Mimi ni Mwislamu," Zaidi alisema. "Pombe siwezi kuileta."

"Ulipomsukuma mwenzio korongoni hukuukumbuka Uislamu?"

Watu wakacheka, kicheko kisicho na furaha. Mektrida hakucheka.

"Mbuzi mtamla ninyi wanaume," alimwambia Rogath. "Mbege mtainywa ninyi. Kabichi zangu zitakunywa nini? Kesho zamu ni ya mwingine. Hawa watanibebea maji kwa ndoo kutoka chini mpaka mche wa mwisho, na baiskeli haitoki hapa kabla sijaridhika."

Hakuna aliyempinga. Wanaume wa kijiji walilipandisha pipa kwa kamba, na Zaidi, kwa kuwa ni fundi, akalifunga kwa waya na vipande vya tyubu. Lakini hawakuruhusu maji yafunguliwe, kwa sababu lami ya kuzibia ilihitaji kukauka. Basi ndoo zikaletwa. Kutoka mtoni hadi shamba la Mektrida ni mwinuko wa kukata pumzi, na Jovin alichechemea, paja limefungwa kwa khanga. Wageni walikaa kwenye nyasi juani wakila ndizi mbivu walizopewa na watoto.

Ilikuwa kwenye ndoo ya kumi na kitu ndipo Jovin aliponena.

"Yule wa gesti Pangani ulimwambia nini?"

"Kwamba wewe ni mwizi."

Jovin alimwaga maji yake kwenye shina la kabichi. "Mimi nilimwambia mama kwamba unawatangazia Wazungu chakula chake ni kichafu. Kwamba kwake unakula huku unaziba pua."

Zaidi aliishika ndoo yake akiwa amesimama. Alitamani amsukume mara ya pili. "Mama yako aliyeninunulia sufuria?"

"Ungeendelea kuja kwake kila safari. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia unataka kuondoka, mbwa wewe."

"Ongezeni mwendo!" alipaza sauti Mektrida kutoka juu. "Hapa si barazani."

Waliachiwa jua lilipokuwa linaelekea kuzama. Zaidi hakusubiri kukauka. Alipanda moja kwa moja hadi kwa Mama Justina, akamkuta mlangoni pa zizi la ng'ombe, ndoo ya maziwa mkononi.

"Shikamoo, mama. Yale maneno ya chakula chako sikuyasema. Jovin ameniambia mwenyewe leo kwamba aliyatunga."

Mama Justina aliiweka ndoo chini.

"Marahaba," alisema. "Nimekusikia, na nitamuuliza. Lakini mwanangu ana tumbo moja tu la kumzaa, hili. Wewe umemsukuma penye korongo. Usirudi hapa, Zaidi."

Alifunga mlango wa zizi kwa ndani.

Wageni walilala kwenye jengo la parokia. Asubuhi yule mzee wa Denmark alimwambia Zaidi kwa upole kwamba wameamua kwenda baharini kwa basi, bila baiskeli na bila yeye. Walimwona akimsukuma mtu, alisema, na hawawezi kukaa naye siku saba tena. Wageni wa Jovin walikuwa wameshaondoka na gari la misheni. Kamati ya mfereji nayo ikatangaza kwamba baiskeli za watalii hazitapita tena Kirua, awe anaziongoza mtoto wa pale au mtu wa Moshi.

Zaidi alizishusha baiskeli zake hadi Uchira, kwenye lami, kwa safari tatu. Jovin alikuwa hapo na za kwake, amekaa upande wa pili wa barabara, paja limevimba. Walingoja zaidi ya saa mbili hadi lori la mahindi likasimama.

"Mko pamoja?" dereva aliuliza.

"Hapana," wakasema.

"Mimi sisimami mara mbili. Pandisheni."

Zilitupwa zote juu ya magunia, lundo moja. Barabara ilikuwa mbovu kipande kile, na walipofika Moshi pedeli za huyu zilikuwa zimeingia kwenye spoku za yule, breki na minyororo imenasana. Dereva alipiga honi akiwaharakisha. Ilibidi mmoja ainue na mwingine avute. Iliwachukua nusu saa kuzitenganisha, na katika nusu saa hiyo hawakusemezana hata neno.