Ua wa Futi Saba

Kila asubuhi Salme alimwagia mnavu maji yaliyobaki ya udhu, akajaza maji kigae cha kunywea ndege chiriku, kisha akamtolea mama yake kigoda nyuma ya ua. Siku hiyo kigoda kilikuwa bado mkononi mwake aliposikia mapanga.

Wanaume wanne walikuwa wakiukata ua kutoka upande wa njia.

"Mama, rudi ndani!"

Muhiba alijifunika uso kwa leso, akarudi chumbani akikohoa. Ulikuwa mwezi wake wa tatu wa eda. Tangu mumewe azikwe hakuwa ametoka nje ya ua wa nyumba yao ya Pumwani, wala mwanamume wa kando hakuruhusiwa kumwona. Chumba kilikuwa na kidirisha cha ukubwa wa sahani, na kifua kilimbana. Ndiyo maana Salme, aliyehitimu ualimu mwaka uliopita, alikaa na penseli akamchorea bustani chini ya ua wa mnyaa alioupanda marehemu: mnavu wa kula, mshubiri wa dawa, maji ya ndege, maua ya vipepeo yasiyo na harufu, kwa kuwa mjane hagusi manukato. Kisha akaipanda. Mama akaanza kula. Akaanza hata kuwateta chiriku.

"Mnaficha nini humu, mwalimu?" aliuliza Owino, karani wa serikali aliyewasimamia wakataji. "Hata ng'ombe angepotea!"

"Wanaficha mjane!" Lela, jirani yao, alifoka kutoka mlangoni kwake. "Kwenu hakufiwi?"

"Amri haijui eda, shangazi. Hii ni hali ya hatari, waasi hujificha nyuma ya nyua. Ua usizidi magoti." Akakunjua karatasi. "Na mchoro wenyewe umesema: futi saba, aliyeketi ndani asionekane na mtu yeyote. Mwandiko mzuri kweli."

Salme aliutambua mwandiko wake mwenyewe. Alikuwa ameupeleka mchoro huo ofisini kwao, akiomba miche.

Walipoondoka, utomvu mweupe ulikuwa ukidondoka juu ya mnavu uliokanyagwa. Kigae kilikuwa vipande viwili. Kutoka njiani mtu angeweza kuona mpaka kitanda cha mama, kwa hiyo Salme alifunga mlango, na chumba kikawa giza.

Siku ya tatu Lela alibisha, bakuli la uji mkononi. Muhiba aligeukia ukutani.

"Mwambie aende na uji wake. Nani mwingine ametuchongea? Siku zote alilalamika kwamba mnyaa unamzibia jua."

Lela alisimama kizingitini. Hakuna mwingine aliyekuja kumjulia mama hali. Aliliweka bakuli chini taratibu, akageuka kuondoka.

Salme alimshika mkono.

"Mama, si yeye. Ni mimi. Mimi ndiye niliyewapelekea mchoro. Niliwaandikia kwamba hutaonekana."