Sehemu ya Thelathini na Nane

Kundi letu lina vituo vinne vya televisheni, na vyote havirushi kitu kingine ila katuni za Kijapani, kuanzia asubuhi hadi watoto wamelala. Habari hatuna, mpira hatuna, mahubiri hatuna. Wafanyakazi tumevipa vituo hivi majina ya wake wenza. Cha kwanza ni Bi Mkubwa, ambaye hurusha sehemu mpya saa tisa alasiri. Saa kumi anairusha wa Pili, saa kumi na moja wa Tatu, na saa kumi na mbili jioni anamalizia Bi Mdogo. Faili ni lile lile moja. Linatoka kwangu asubuhi likiwa limekamilika, na wake wote wanne wanapakua kutoka chungu kimoja.

Mimi ni msimamizi wa sauti. Katuni zinakuja zikizungumza Kijapani, watafsiri wanazitafsiri, kisha waigizaji wetu wanaingia mmoja mmoja katika chumba cha sauti na kuzizungumza upya kwa Kiswahili, nami nikiwa upande wa pili wa kioo. Kazi hii ina sheria moja tu ninayoijali, nayo ni mdomo. Mdomo wa kwenye picha ukifunguka, pawe na neno. Ukifumba, neno liwe limekwisha. Atakayezidisha silabi namkata, awe nani. Ndiyo maana wananiita Mama Mdomo, na wanadhani sijui.

Mdogo wangu alikuwa sauti ya msichana wa kisimani katika katuni yetu ya Walinzi wa Kisima. Nilimwingiza mimi mwenyewe, na walionong'ona kwamba nimembeba ndugu yangu walinyamaza siku ya kwanza walipomsikia. Alikuwa msikivu kuliko wote. Ukimwambia punguza, anapunguza. Ukimwambia rudia, anarudia, hata mara kumi, bila kununa. Alikuwa na pumu tangu utotoni, lakini ilikuwa ikija na kuondoka, na nyumbani tulishaizoea.

Katika sehemu ya thelathini na nane, yule msichana anatumbukia kisimani na kumwita dada yake kabla maji hayajamfunika. Anaita neno moja tu, "Dada." Siku ya kurekodi, mdogo wangu aliita mara tatu. Kwenye picha mdomo ulifunguka mara moja. Nilikuwa nimeinamia meza ya sauti, hedifoni masikioni, na haki ya Mungu nilifikiri kwamba huyu mtoto leo kapandisha. Kuhema kule, na lile koo linalopiga mluzi! Nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi. Nilipoinua macho alikuwa chini. Alifia njiani tukimkimbiza hospitali.

Mama nilimwambia kwamba pumu ilimbana ndani ya gari, tukitoka kazini, na kwamba nilimshika mkono hadi mwisho. Kuhusu mkono sikudanganya. Mkurugenzi nilimwambia kwamba aliita mara tatu, na kwamba neno moja nililiacha na mawili nikayakata. Kesho yake baada ya maziko nilirudi kazini nikafuta rekodi yote ya siku ile, isipokuwa lile neno moja ambalo lilikuwa limeshaingia kwenye picha. Sehemu ya thelathini na nane ikarushwa. Watoto walilia, na wazazi wao wakapiga simu kutupongeza.

Yule msichana anaokolewa katika sehemu inayofuata, kwa hiyo nilitafuta mwigizaji mwingine, binti mwenye sauti inayokaribia, na kazi ikaendelea. Mama hakuacha kusikiliza. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, picha haioni, lakini saa kumi na mbili jioni haikumpita hata siku moja. Alikuwa akivuta kiti hadi karibu kabisa na televisheni, kwa Bi Mdogo, na kuinamisha kichwa upande mmoja.

Siku ya sehemu ya arobaini na moja nilichelewa kidogo. Nilimkuta amekaa vile vile, televisheni kaizima.

"Leo mdogo wako kaita," alisema.

"Mama, huyo ni binti mgeni. Si nilikueleza?"

"Binti mgeni namjua, anaongea kana kwamba ana kitu mdomoni. Nasema mdogo wako. Pale kucha za mbwa zinapogonga mbao."

Pale mbwa anavuka daraja peke yake. Hakuna mtu kwenye picha, hakuna mdomo, kuna kucha, maji na upepo, na vyote vitatu niliviweka mimi. Nilimwambia amechoka. Alinigeuzia yale macho yake yenye ukungu, akasema chai iko jikoni.

Asubuhi nilimpigia fundi mitambo wa Bi Mdogo, mtu mzima anayependa utani. Hakuningoja nieleze shida yangu.

"Mama Mdomo, siku hizi mbwa nao wanaita dada?"

"Umesikia nini?"

"Nimesikia mtu anaita. Mara tatu. Nikasema labda ni utaalamu mpya, sisi wengine tunabonyeza tu vitufe." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini sikuipenda. Ilikuwa kana kwamba mtu yuko nyuma ya kiti changu."

Tatu. Angesema mbili, ningetafuta mashine yenye kipande kilichosalia. Aliposema tatu nilikata simu, na sababu yake sikumwambia yeye wala mtu mwingine yeyote. Hata mimi mwenyewe nilijaribu kutoifikiria.

Siku hiyo sehemu ya arobaini na mbili niliisikiliza mara mbili kabla ya kuituma, kwa masikio yangu haya. Ilikuwa safi. Alasiri nikaenda kukaa katika chumba cha ufuatiliaji, ambako kuna skrini nne ukutani, moja kwa kila kituo. Nilikuwa nimechagua mahali pa kusubiri. Katikati ya sehemu ile kuna bibi anakunja nguo kwa nusu dakika, kimya, mdomo umefumba.

Saa tisa, kwa Bi Mkubwa, bibi alikunja nguo zake na mtu akavuta pumzi. Aliivuta tu, hakuitoa.

Saa kumi, kwa wa Pili, pumzi ilivutwa tena na nikasikia "Dada" kwa mbali, kama kutoka chumba cha tatu. Saa kumi na moja, kwa wa Tatu, aliita mara mbili, naye alikuwa amesogea. Nilibana hedifoni kwa mikono yote miwili. Niliogopa, na bado, Mungu anisamehe, kuna sehemu ya akili yangu iliyokuwa ikipima kwamba amekaa vizuri na kipaza sauti.

Saa kumi na mbili, kwa Bi Mdogo, aliita mara tatu. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia mate yakimkauka ulimini. Baada ya wito wa tatu ukaja ukimya mfupi, halafu mlio mdogo, tik. Kisha picha ikabadilika na katuni ikaendelea kama kawaida.

Mlio ule naujua. Kwenye meza yangu ya sauti kuna kitufe kimoja tu kinacholia hivyo, kile ninachobonyeza ninapotaka kuongea na mwigizaji aliye ndani ya kioo. Nilikaa mbele ya zile skrini hadi mfagizi akaniomba niinue miguu. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtoto. Leo tumefika kwenye kitufe, na kesho kitasikika kilichosemwa baada ya kitufe. Mama atakuwa ameketi pale pale, sikio kwenye televisheni.

Kesho yake nilimfuata Mkurugenzi kabla hajaweka mkoba chini. Nikamwomba aahirishe sehemu ya arobaini na tatu, au aipitishe kwa vituo vitatu tu, Bi Mdogo apumzike.

"Kwa sababu gani?"

"Ina hitilafu ya sauti."

"Ni ile ya kuita?" Akacheka. "Watu wanapiga simu tangu juzi wanauliza huyo anayeita ni nani. Hawajawahi kutupigia simu hivi. Hitilafu ya namna hiyo, dada yangu, iache."

Nilirudi chumba cha sauti. Binti mgeni alikuwa amesimama nje ya mlango, hedifoni mkononi.

"Shikamoo, dada. Naomba leo nisiingie."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi. Humo ndani kuna mtu anavuta pumzi kabla yangu. Kila nikitaka kuanza, ananitangulia, halafu ananipisha nisome." Aliitazama ile hedifoni. "Ana adabu sana, dada. Hiyo ndiyo inayonitisha."

Siku nyingine ningemkaripia mpaka alie. Nilimwambia aende nyumbani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na vituo vinne, cha mwisho kikiwa sebuleni kwa mama. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka kazini mchana, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niajiriwe.

Nyumbani mama alikuwa amelala kidogo chumbani kwake. Ilipofika saa kumi na mbili kasoro robo nikapita nyuma ya televisheni nikachomoa waya wa antena, nikauviringisha na kuusukuma chini ya kabati. Alipotoka, alivuta kiti, akawasha, akasikia mchakacho mtupu. Hakushangaa.

"Rudisha waya," alisema.

"Pengine ni hitilafu ya kituo, mama."

"Kituo ni chako na pumzi zako nazisikia. Umesimama nyuma ya televisheni unahema kama mwizi. Rudisha waya, mwanangu. Kama ni mtoto wangu anaita, mimi sifungiwi nje."

Niliutoa chini ya kabati. Ncha ya waya ilikataa kuingia, na mama akaja akauchukua, akapapasa tundu kwa kidole, akachomeka mwenyewe. Wimbo wa kufungulia ulikuwa umeshaanza. Nikapiga magoti karibu na kiti chake, nikaona bora asikie kwangu kwanza.

"Mama, hakubanwa ndani ya gari. Alibanwa kazini, ndani ya kioo, mbele yangu. Alikuwa anaita nikadhani anaigiza."

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Mimi nimekesha na kifua kile miaka mingapi? Siku ya kisimani nilisikia neno moja tu nikajua mtoto wangu haigizi." Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo. "Nilikuwa nangoja uniambie. Nikasema ataniambia siku yake ikifika."

Nilianza kulia. Alinishika kichwa, lakini sikio lake lilibaki kwenye televisheni. Kwenye skrini msichana wa kisimani alikuwa amekaa na dada yake, wanakula bila kusema kitu.

"Kuna kitu kimoja sikielewi," mama alisema. "Toka ana miaka minne, pumu ikimbana alikuwa anaita mara tatu. Tatu tu. Kisha ananyamaza kabisa, anaihifadhi ile pumzi iliyobaki, anangoja mtu aje. Nilimfundisha mimi. Nilimwambia ukishaita ya tatu usiite tena, mama anakuja, ukiita ya nne utaimaliza." Vidole vyake viliacha kunipapasa. "Sasa kule kisimani, ile sauti niliyoisikia ilikuwa ya mtu aliyemaliza. Haikuwa ya kwanza, haikuwa ya tatu. Alipokuita, wewe ulimjibu nini?"

"Sikumjibu, mama. Nilikuwa nimeinama. Sikumjibu kitu."

Wale dada wawili wa kwenye skrini waliweka vijiko chini. Mtu akavuta pumzi chumbani mwetu, kati yangu na mama.

"Dada," aliita. "Dada. Dada."

Kisha akanyamaza, kama alivyofundishwa. Alikuwa anangoja.

Tik.

"Safi sana, mdogo wangu," ilisema sauti yangu, kwa furaha, kutoka kwenye televisheni. "Ila mdomo wake unafunguka mara moja tu. Rudia."

Mama aliondoa mkono wake kichwani kwangu. Katika ule ukimya tulisikia pumzi ikitafutwa, polepole, kutoka mbali sana, na mdogo wangu, ambaye hakuwahi kunikatalia kitu, akarudia mara moja.