Kisima cha Watu Elfu Moja na Mia Nane

Asubuhi moja, mwaka wa pili tangu reli ifike Dodoma, Priska alikuwa nyuma ya tembe lao huko Ipagala akipepeta uwele. Mumewe Filipo akaja kutoka kisimani na kibuyu begani, akakitua, akakaa juu ya kinu kilicholala. Priska akachota kwa kata, akaonja.

"Yana chumvi," akasema.

"Nimeyaonja."

"Kina watu wangapi sasa?"

"Wanne. Na leo mguu wangu haukugusa mchanga."

Ndani ya kibuyu mlikuwa na mdudu mmoja mweupe, mwenye miguu mingi, asiye na macho. Priska akamtia kwenye mlenda. Siku hiyo mlenda haukuhitaji kutiwa chumvi.

Mvua ya maana haikuwa imenyesha kwa miaka mitatu. Visima vya Ipagala huchimbwa katika mchanga wa korongo, na kina chake hakipimwi kwa kamba bali kwa watu: ni watu wangapi wanaotakiwa kusimama ndani, mmoja chini ya mwenzake, ili kibuyu kipande mkono kwa mkono hadi juu. Aliyechimba huingia wa kwanza na hutoka wa mwisho. Kisima cha Filipo kilikuwa cha watu wanne, na chini ya mtu wa nne ilikuwa bahari.

Jirani walikuja, wakaonja, wakatema. Ng'ombe walikataa kunywa, na hilo ndilo lililowaudhi watu. Lakini maji yalipochemshwa yaliacha chumvi nyeupe kuliko ile ya Bahi, na wanawake wakapumzika na safari ya siku mbili ya kuifuata huko. Samaki waliopanda na vibuyu walikuwa na taa usoni. Walipelekwa sokoni Dodoma, wakanunuliwa haraka, kwa kuwa mtu aliweza kumla samaki na bado akatumia kichwa chake kumulikia chumba siku tatu.

Ndivyo habari ilivyofika bomani, na kutoka bomani ikafika Dar es Salaam kwa simu ya waya. Baada ya majuma matatu gari moshi likamleta Daktari.

Daktari alikuwa Mjerumani mwembamba mwenye ndevu za njano, na alikuwa amezunguka dunia miaka miwili ndani ya meli akipima vina vya bahari. Alikuja na masanduku arobaini ya chupa, mapipa ya spiriti, na gurudumu kubwa lililoviringiwa waya wa chuma. Hakuuliza bahari imefikaje Ugogo. Aliuliza kina chake. Mkalimani wake, Bashiri, karani wa mjini ambaye babu yake alikuja na misafara ya pembe, akamuuliza Filipo, na Filipo akasema watu wanne na zaidi.

Wakafunga gurudumu mdomoni mwa kisima, wakashusha waya. Siku ya tatu waya ukakatika. Daktari akapiga simu Ulaya, akajibiwa kwamba waya mwingine utachukua miezi mitano. Akakaa kwenye kiti chake cha turubai akiwatazama watu wa kisima cha jirani wakipandisha vibuyu mkono kwa mkono huku wakiimba majina ya ng'ombe. Akatazama mchana kutwa. Jioni akamwambia Bashiri aandike barua kwa akida.

Filipo akaingia wa kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyechimba. Kila mtu mpya alipofika alishika nafasi ya juu, na wote waliokuwa chini yake wakashuka hatua moja. Kuta zilipokwisha, kila mtu alishika kwa mkono mmoja kifundo cha mguu cha aliye juu yake, na kwa mkono wa pili akapokea kibuyu. Maji yalibeba uzito. Kuhusu pumzi, walizoea. Mtu aliyezoea kukaa bila maji katika jua la Ugogo anaweza kukaa bila hewa pia. Ni mazoezi yaleyale, upande wa pili. Mdomoni, juu ya mawe makavu, alisimama Methusela, kaka yake Filipo, mwenye goti bovu. Yeye hakushuka. Kazi yake ilikuwa kumshika mtu wa kwanza na kupokea kila kilichopanda.

Akida alileta watu wa Ipagala, kisha wa vijiji vya reli, kisha Warangi wa Kondoa hadi Busi. Walikuja wamefungwa kamba kiunoni, wawili wawili, wakala uji, wakaingia. Priska alikuwa na mimba ya miezi minne Filipo aliposhuka. Alikwenda kisimani kila asubuhi, baada ya kukamua.

Maneno yalisafiri kama vibuyu. Mtu alilisema neno lote kwa mwenzake, na mwenzake akajibu "nimesikia" ndipo naye akalipeleka. Watu waliozoea kuimba majina ya ng'ombe mia mbili bila kuruka hata mmoja hawapotezi neno njiani. Filipo alipokuwa mtu wa mia tano, neno lilikwenda na kurudi kwa nusu siku.

"Shikamoo, shemeji," Priska alisema asubuhi moja. "Mwambie mdogo wako mbuzi mweusi amezaa pacha."

"Marahaba." Methusela akainama, akalisema.

Kesho yake alipokuja, jibu lilikuwa limefika. "Anasema mmoja umtunze, mmoja umpe mama. Na watu wa katikati wanauliza, sisi tuliobeba maneno hatupati hata mguu?"

"Waambie waje wale."

"Wanasema wangekuja, ila yule Mrangi wa mia tatu na sita amewashikilia."

Chini kabisa sauti zilisikika zikipandishana: "Mwambie Mrangi aliye juu yangu aoshe miguu!" "Yupo ndani ya maji mwezi wa pili sasa, aoshe kwa nini tena?" Bashiri akacheka, akafuta miwani. Daktari akauliza kimesemwa nini. Bashiri akamwambia kwamba maji ya huko ni baridi.

Vibuyu vilipanda. Kulikuwa na samaki mweusi mwenye mdomo mkubwa kuliko mwili, na konokono wa kioo, na kitu kama shuka la utando lililowaka bluu kikiguswa. Daktari aliwachora wote, akawatia ndani ya spiriti, akawapa majina marefu. Wengi walifika juu tumbo limewatokea mdomoni na macho yamevimba. Daktari alimweleza Bashiri sababu, pale alipokuwa akinoa penseli: huko chini uzito wa maji huwakandamiza, nao huusukuma kwa nguvu iliyo ndani yao. Ukiwaondolea uzito, nguvu yao wenyewe huwapasua. Bashiri akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Akaendelea kuandika namba.

Mwezi wa tano wa kazi, mtu wa elfu moja na mia mbili, aliyeitwa Seth, alipata habari kwamba baba yake amefariki. Akaomba ruhusa akazike. Watu wakampisha, akapanda peke yake akipita mabegani mwa wenzake. Alipofika mdomoni tumbo lilikuwa limemtokea. Methusela akamfunika kwa kaniki. Daktari alikuja na futi, akapima, akaandika. Seth na baba yake walizikwa pamoja jioni hiyo, na wazikaji wakala chakula kimoja.

Siku iliyofuata Bashiri alimfuata Priska zizini.

"Mama, nina neno."

"Liseme, karani."

"Aliyepita watu mia tisa hapandi tena. Bwana mkubwa amepiga hesabu. Nafasi ya mia tisa ndiyo ya mwisho anayoweza kurudi mtu mzima."

Priska alikuwa amepiga magoti kwa ng'ombe. Hakuacha kukamua. "Amejua lini?"

"Juma la pili la kazi. Kwa samaki."

"Na wewe?"

"Juma la pili," akasema Bashiri. "Ila mimi nilidhani anasema samaki tu."

Maziwa yakagonga kibuyu. Filipo wakati huo alikuwa mtu wa elfu moja na mia saba.

Mtoto alizaliwa siku kumi baadaye, msichana, mwenye kichwa kizuri. Katika ukoo wa Filipo mtoto hutajwa jina na baba, na baba akiwa safarini hutumwa mtu amfuate alipo, hata Tabora. Mtoto asiyetajwa hapelekwi kwa wazee, wala haitwi kwenye ngoma, wala akifa haombolezwi. Wanawake wakamwambia Priska asichelewe. Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kisimani.

Siku hiyohiyo neno lilikuwa limepanda kutoka chini: "Nimekanyaga." Filipo alikuwa amefika sakafuni mwa bahari. Daktari akazidisha watu elfu moja na mia nane kwa kimo cha mtu, akapata jibu, akampa Bashiri mkono kwa mara ya kwanza. Masanduku yakaanza kupigiliwa misumari.

"Atatoa amri ya kupanda?" Priska akamuuliza Bashiri.

"Ameitoa. Kuanzia mtu wa mia tisa kwenda juu. Wa chini wataambiwa wangoje zamu."

"Basi mngojee neno langu liende na kurudi."

Bashiri akaenda hemani, akarudi. "Gari moshi lake ni keshokutwa. Amekupa hadi hapo."

Priska akamgeukia Methusela. "Shemeji, mwambie mtoto ni wa kike. Mwambie ataje jina sasa hivi, kwa sababu hapandi."

Methusela akabadili mkono aliomshikia mtu wa kwanza. Halafu akasema, "Hilo la mwisho siwezi kulipeleka."

"Ni mumeo au mume wangu?"

"Ni mdogo wangu. Lakini neno halifiki kwake bila kupita kwa wengine. Ukimwambia Filipo hapandi, umewaambia watu mia tisa hawapandi, mmoja mmoja, na kila mmoja atapaswa kujibu 'nimesikia' ndipo amwambie mwenzake. Nani atalibeba hilo? Wataachiana mikono kabla halijafika, naye Filipo hatasikia lolote."

Priska akafikiri. Mtoto akapiga chafya.

"Basi mwambie mtoto ni wa kike," akasema. "Ataje jina. Basi."

Methusela akainama. Neno likaenda. Priska akakaa chini ya kibanda cha nyasi cha Daktari, kwa kuwa kiti cha turubai kilikuwa kimeshafungwa na kivuli kimebaki wazi, akanyonyesha. Watu waliokuwa ndani walikuwa wamechoka, hawakutaniana tena. Kilichosikika ni "nimesikia", "nimesikia", kikishuka hadi kisisikike.

Jibu lilirudi asubuhi ya siku ya pili. Methusela alilipokea, akajibu nimesikia, akanyoosha mgongo.

"Anasema amefurahi. Anasema mngoje, asitajwe na mtu mwingine. Atamtaja mwenyewe akipanda."

Priska akasema, "Nimesikia."

Nyuma ya jibu watu wakaanza kutoka. Kila mdomo uliobeba neno una deni la kulifikisha, kwa hiyo kila aliyetoka alisimama mbele ya Priska, maji yakimchuruzika, akamwambia: amefurahi, mngoje, atamtaja mwenyewe akipanda. Priska akamjibu kila mmoja kwamba amesikia. Mtu akapewa uji, akaenda zake. Walikuwa wamepauka, na wengine mikono yao iliwaka bluu kidogo walipopita kivulini. Ilikuwa hivyo mchana wote, na kesho yake mchana wote. Daktari alipita kati yao na masanduku arobaini kuelekea stesheni. Aliinua kofia.

Wa mwisho kutoka alikuwa Gideoni, mtu wa mia tisa. Alifikisha neno kama wengine, kisha hakuondoka.

"Wa chini yangu aliniuliza mbona namwacha," akasema. "Nikamwambia ngoja zamu."

"Akasemaje?"

"Akasema haya. Akaniambia nisisahau kumsalimia mke wake."

"Umemsalimia?"

"Nakwenda sasa."

Mvua ilinyesha mwaka uliofuata. Korongo likashuka na mchanga, kisima kikajaa, na majani yakaota juu yake. Ng'ombe walikula majani hayo, na maziwa yao kwa muda yalikuwa na chumvi kidogo. Bahari ilibaki ilipokuwa. Ulaya, samaki mmoja mweusi wa Ipagala alipewa jina la mke wa Daktari, akawekwa kwenye chupa karibu na dirisha.

Bomani, watu mia tisa ambao hawakurudi kutoka kazini waliandikwa watoro. Wake zao waliitwa waje waeleze waume zao wamejificha wapi. Walisimama foleni toka uwanjani, wakaeleza mmoja baada ya mwingine: chini ya korongo la Ipagala, baada ya mtu wa mia tisa. Bashiri aliandika hayo yote kwa mwandiko mzuri, na afisa akatia muhuri, na askari wakatumwa kuwatafuta upande wa Kondoa.

Zamu ya Priska ilipofika alikuwa amemshika mkono msichana anayeanza kutembea.

"Jina la mtoto?" Bashiri akauliza, kwa sababu fomu iliuliza.

"Baba yake anakuja kumtaja."

Bashiri alichovya kalamu katika wino. Nje foleni ilikuwa bado ndefu, na jua lilikuwa limepanda. Aliishika kalamu juu ya karatasi mpaka wino ukakauka, kisha akapitisha mstari pale penye jina, akasema, "Anayefuata."