Kiwiko cha Kepteni

Kuanguka na baiskeli inayokimbia ni ajali. Kuanguka na baiskeli iliyosimama ni fedheha tupu, na Mama Pacha aliingia klabuni kwa fedheha. Ilikuwa Jumamosi alfajiri, mbele ya kituo cha mafuta ambapo waendeshaji wa klabu hukutana. Alifika na viatu vipya, vile vinavyonasa kwenye pedali, akafunga breki kwa madaha, akasahau kuchomoa mguu. Akaenda chini taratibu, mzimamzima, baiskeli juu yake, na mhudumu wa pampu akashika kichwa kwa mikono miwili.

Watu walicheka, na yeye akacheka. Waliomnyanyua walimwambia kila mmoja wao alianza hivyohivyo. Kwa hiyo tusimsingizie, hakuwa mtu wa kununia utani. Alikuwa muuza dawa, mama wa mapacha, mke wa fundi bomba, na katika nyumba ile asiyejua utani hamalizi wiki. Kilichokuja kumchoma moyo ni kingine kabisa, na mpaka leo ukimgusia hapo anapandisha sauti.

Tuanze na upepo. Kwenye mbio za barabarani adui si mlima peke yake. Anayetangulia ndiye anayeukata upepo, na wanaomfuata tairi kwa tairi wanajificha mgongoni kwake wakapumua. Kwa hiyo hupokezana. Wa mbele akichoka hapigi kelele, maana kelele ni pumzi. Hutikisa kiwiko tu, na aliye nyuma yake anaelewa: njoo, zamu yako. Asiyepokea zamu huitwa kupe. Hakuna tusi baya kuliko hilo katika klabu ile, walilitamka kama wengine wanavyotamka mwizi.

Kulikuwa na desturi moja ya ziada, na hiyo aliitunga Kepteni. Kepteni alikuwa dalali wa nyumba, mtu mwenye miguu mizuri na mdomo mzuri zaidi. Desturi yake ni kwamba mgeni hapiti mbele mpaka mwenyeji amtikisie kiwiko. "Usalama kwanza," alisema siku ile ya kwanza. "Kaa nyuma yangu, shemeji, ujifunze. Ukiiva nitakuita."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mama Pacha aliinama. Alikaa nyuma ya tairi la Kepteni Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka akavijua visigino vyake kuliko uso wake. Alijifunza kunywa maji bila kuyumba, kubadili gia kabla ya mlima na si katikati yake, kuonyesha shimo kwa kidole ili wa nyuma wasitumbukie. Siku za kazi alisimama kutwa nzima nyuma ya kaunta akipanga vidonge, na jioni akakipanda kilima cha nyuma ya mtaa wao kadiri mapacha walivyomruhusu. Mapaja yakajaa, kwingine kote akakonda. Alitaka kitu kimoja tu: awemo kwenye kikosi cha klabu siku ya mbio za mji, na watu waone kwamba ni wa kwao.

Kiwiko hakikuja. Kilitikisika kwa mwashi aliyejiunga baada yake. Kilitikisika kwa dereva wa lori aliyekuja na tumbo na kikohozi cha sigara. Ikifika zamu ya Mama Pacha, Kepteni aliendelea kukanyaga, anahema, shingo imemkakamaa, na kiwiko kimegandia palepale. Siku moja alimsogelea ubavuni akamwambia, "Kepteni, pumzika kidogo, nikate na mimi." Kepteni akacheka kwa sauti ili wote wasikie. "Shemeji, wewe punga upepo tu. Kuukata tuachie sisi."

Jumamosi ya kuchagua kikosi ikafika. Walitoka mazoezini wakakaa kwenye ukingo wa saruji pale kituoni, wanamenya ndizi. Kepteni akawataja watu wake. Akamtaja mwashi, akamtaja dereva wa lori, akataja wengine wawili, akajitaja mwenyewe, akanyamaza.

"Na mimi?" Mama Pacha akauliza.

"Wewe bado, shemeji."

"Bado nini? Kuna mlima wowote nimewahi kuachwa?"

"Kuachwa hujaachwa. Lakini upepo je? Tangu umekuja hujaukata hata siku moja, na kila mtu hapa ni shahidi." Akatabasamu. "Wapo wanaokuita kupe. Mimi nimewakataza."

Jamani! Mtu anakufungia mlango kwa komeo, halafu anakushitaki kwamba hukuingia. Mama Pacha alihisi masikio yakimwaka moto. "Kiwiko ulinipa lini?" alisema. "Si wewe uliyeniambia nisipite? Nitajie siku moja tu uliyonitikisia, moja tu."

"Kiwiko hakiombwi, shemeji. Mtu anakistahili."

Mama Pacha akageuka kuwatazama wengine. Walikuwa na macho na midomo pia, na wiki zote hizo walimwona nyuma ya tairi lile anasubiri. Mwashi akaikagua ndizi yake kama anayetafuta ufa. Dereva wa lori akaanza kukaza skrubu ambayo haikuwa imelegea. Hilo lilimuuma kuliko maneno ya Kepteni, maana Kepteni alikuwa mmoja na wao walikuwa wengi.

Nyumbani alimkuta mumewe amelala chali chini ya sinki la jikoni. Sinki la fundi bomba ndilo huvuja kuliko ya mtaa mzima.

"Wamenikata, Baba Pacha."

Miguu ikashtuka. "Wamekukata wapi?"

"Kwenye kikosi! Mtu ananinyima zamu miezi yote hii, leo ananiambia sijashika zamu! Halafu ananiita kupe, na anataka nimshukuru kwa kuwakataza wengine!"

"Si nilikwambia yule ni dalali? Dalali anakuonyesha chumba, ufunguo unabaki mfukoni mwake."

"Usinichekeshe. Nina hasira."

"Kasirika, mama, lakini nipe hiyo spana." Akajivuta nje, uso umelowa. "Kwani wasio na klabu hawakimbii?"

"Wanakimbia. Wanapangwa nyuma ya watu wote."

"Si umeshazoea nyuma?"

Nusura ampige na spana. Badala yake akakalia ndoo iliyopinduliwa, akalia machozi ya hasira, ambayo hayafanani kabisa na ya huzuni, akajifuta kwa mkono wa koti lake jeupe la dukani lililotundikwa kando yake. Jumatatu akaenda kujiandikisha peke yake.

Siku ya mbio alipangwa mstari wa mwisho kabisa, amevaa fulana isiyo na jina la mtu yeyote. Bendera iliposhuka aliwaacha wenye pupa waende. Kutangulia si kufika. Akawa anahama kutoka mgongo wa mtu huyu hadi wa yule, anapokea zamu kila anapopewa, na watu asiowajua kabisa wakawa wanampa bila maneno. Tazama mambo hayo! Wageni walimtikisia viwiko vingi asubuhi moja kuliko klabu yake mwaka mzima. Kila alichopewa kilizidi kumpandisha hasira, kwa sababu sasa alijua kumbe ni jambo dogo hivi.

Kabla ya mlima wa mwisho kuna barabara ndefu tambarare, na upepo wa pale hauna adabu. Kundi alilokuwemo likawafikia watu wa Kepteni. Kepteni alikuwa mbele anakata, mwashi nyuma yake. Ghafla cheni ya mwashi ikachomoka, akajitoa pembeni akilaani, na nyuma ya Kepteni pakabaki pengo. Mama Pacha akaliziba. Anayekata upepo hageuki nyuma, shingo yote iko kwenye kazi, kwa hiyo Kepteni hakuona kilichotokea. Alichojua ni kwamba amechoka.

Kiwiko kikatikisika.

Hakikuwa chake, na alilijua hilo. Kilikuwa cha mwashi. Lakini kiwiko hakitaji jina. Kikatikisika tena, safari hii kwa kuomba, na Mama Pacha akapita. Alipofika sambamba naye akamgeukia. "Ahsante, Kepteni," akasema. Kepteni akafungua mdomo, pumzi ya kujibu haikuwemo.

Desturi inataka anayepokea ashike mwendo uleule, ili aliyechoka apate kujishikiza nyuma yake. Mama Pacha hakuushika hata kidogo. Alibadili gia, akasimama juu ya pedali, akauvamia mlima kama mtu anayemfuata mdeni wake nyumbani. Wahenga walisema hasira hasara. Labda hawakuwahi kupanda baiskeli.

Hakushinda mbio, tusidanganyane, wapo waliokwisha kufika wakaoga. Lakini mwanamke wa kwanza alikuwa yeye, na katika kikosi kizima cha klabu hakuna aliyeliona hata tairi lake la nyuma. Alikuwa ameinamia usukani anatafuta pumzi pale mtangazaji alipomkimbilia na kipaza sauti, mpiga picha nyuma yake.

"Hongera, mama! Unatoka klabu gani?"

Kabla hajajibu, mkono mzito uliolowa jasho ukatua begani kwake. Kepteni alikuwa amefika.

"Wetu huyu!" akasema Kepteni kwenye kipaza sauti. "Ukiona vyaelea, vimeundwa! Tumemuunda sisi, nyuma ya tairi langu mwenyewe!" Mwashi, aliyeirudisha cheni na kufika mikono imejaa grisi, akapiga makofi. Dereva wa lori akasogea karibu, akajifuta uso kwa ajili ya picha.

Wetu. Neno alilolitamani tangu siku ile alipoanguka mbele ya kituo cha mafuta, leo linatangazwa mji mzima usikie. Na tuseme kweli: kwa nukta moja lilimwingia tamu. Kisha akakumbuka lilivyokuwa gumu kutoka midomoni mwao wakiwa wamekaa wanakula ndizi, na ile tamu ikageuka nyongo. Akaushika ule mkono kwa vidole viwili, akautoa begani.

"Sina klabu," akasema.

"Samahani?" mtangazaji akasogeza kipaza sauti.

"Sina klabu. Nilikuwa nayo, wakaninyima zamu, kisha wakanikata kwenye kikosi kwa kutoshika zamu. Tangaza hivyohivyo."

Kepteni akacheka kile kicheko chake cha wote wasikie. "Shemeji bwana, ana utani..."

"Mimi si shemeji yako. Na kwenye picha hii, toka."

Mpiga picha akashusha kamera, akangoja. Kepteni akatazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta mtu wa kumtetea. Mwashi na dereva wa lori walikuwa wameshasogea pembeni, wanatazama viatu vyao. Mama Pacha aliwaona, na hata hilo halikumfurahisha.